Mashine ya Marehemu Telesphor

Habari njema ilimkuta Pudensiana na ufagio mkononi. Simu ilikuwa imelia mara mbili kabla hajaisikia, maana mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa kazini, na ukiwa ndani ya kile kibanda cha mabati pale Kasokola hata ukiitwa jina lako hulisikii. Alikuwa Deogratias, mwanawe wa kwanza, anapiga kutoka Dodoma alikosomea biashara, na alikuwa anacheka. Lile andiko lake la kumalizia chuo, alisema, alilituma kwenye mfuko mmoja wa kuwainua vijana wenye biashara, na limepita. Vijana zaidi ya mia tatu waliomba, wamechukuliwa kumi na wanne. Milioni kumi na tano, mama, tena si mkopo, ni ruzuku. Imebaki hatua moja ndogo tu: Jumatatu afisa atakuja Mpanda kuiona mashine.

Pudensiana alisema Mungu mkubwa. Akasema tena, na tena, hadi Deo akamwambia salio linaisha. Simu ilipokatika akakaa juu ya gunia la mtu.

Mashine ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Mikidadi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu ainunue. Pudensiana alikuwa mfagiaji. Kasokola nzima ilijua, Nsemulwa anakokaa walijua, paroko alijua. Mtu pekee ambaye hakujua ni yule aliyeandika kurasa sitini kuihusu.

Tusimhukumu haraka mama wa watu. Mumewe Telesphor alipofariki aliacha mashine, na akaacha neno kwamba Deo asome hadi mwisho. Ada ya mwaka wa kwanza alishaiweka benki mwenyewe. Baada ya hapo mkopo wa serikali ukamlipia kijana nusu, nusu nyingine ikatakiwa itoke nyumbani, na mwaka huo mvua ikawa mbaya, mpunga ukawa haba, na mashine isiyo na mpunga ni chuma tu. Chuo kikaandika kwamba asiyemaliza ada hafanyi mtihani. Mzee Mikidadi alitoa milioni sita, taslimu, bila kumlalia, na juu yake akampa kazi ya kufagia. Pudensiana akajiambia atamweleza mwanawe Krismasi. Krismasi Deo hakuja, nauli ilikuwa kubwa. Ikapita Pasaka, na likizo ndefu akazimalizia hukohuko Dodoma kwenye vibarua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakumjua mama mwenye mtoto chuoni.

Na Deo angejuaje? Kasokola mashine haibadiliki jina eti kwa sababu imebadilika mwenyewe. Watu bado walisema napeleka mpunga kwa Telesphor, na Telesphor yuko makaburini mwaka wa tano. Rafiki zake Deo wakimwandikia walimwambia kwa Telesphor siku hizi wanakoboa vizuri, mchele haukatiki. Mama naye simu za mwanawe alizipokelea palepale kibandani, makusudi, ngurumo isikike. Siku moja kijana alimsifia kwamba injini imeacha kukohoa. Tumeifanyia sevisi, mama akajibu.

Mambo yaliharibika zaidi ulipoanza utafiti. Deo alitaka takwimu: magunia mangapi kwa siku, wateja wangapi, lita ngapi za dizeli. Magunia Pudensiana aliyahesabu kwa uaminifu miezi mitatu mizima, akidondosha punje ya mahindi kwenye kopo kila gunia lilipomiminwa. Lakini dizeli angeitoa wapi? Mzee Mikidadi, mtu wa darasa la saba, aliing'oa injini mwezi wa kwanza tu, akavuta umeme, akafunga mota. Ikabidi mama akumbuke enzi za marehemu. Lita kumi na mbili, akasema. Na juu ya hizo lita kumi na mbili Deo akalijenga andiko lake lote: kwamba mashine ya familia inaliwa na dizeli, kwamba ikifungwa mota ya umeme faida itapanda karibu mara mbili. Ruzuku aliyoomba ilikuwa ya kununulia mota.

*

Katarina, binti wa Pudensiana, alimwambia mama yake amweleze kaka siku ileile, kabla hajapanda treni.

Katarina alikuwa na miaka ishirini na mmoja na ndiye aliyeendesha mashine. Kazi alifundishwa na baba yake, na mashine iliponunuliwa yeye akabaki nayo, jinsi mtu anavyonunua nyumba na paka wake. Kwa kusikiliza tu alijua mkanda utakatika lini. Kidato cha nne alifaulu, akapangiwa shule Sumbawanga, akaambiwa asubiri kwanza kaka amalize, zamu yake itafuata. Hakuwahi kulalamika, na mama yake aliuchukua ukimya huo kuwa ni kuridhika.

"Nitamwambia akishapata hela," Pudensiana alisema.

"Hela ya kumnunulia Mzee Mikidadi mota ya pili?"

Mama alijifunga khanga safi, akatafuta bajaji, akaenda mjini.

Dukani alikuta wateja. Mzee Mikidadi alimwona, akamkaribisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mapipa ya misumari, akaendelea kuhudumia. Walikuja mafundi, akaja mwalimu mmoja kununua mabati, wakaja vijana wawili wa rangi, na kila aliyeingia alimsalimia Pudensiana akidhani ni mtumishi wa pale. Mmoja alimwomba amsogezee kopo la rangi nyeupe. Alisogeza. Saa nzima ilipita ndipo mzee akavuta kigoda akakaa mbele yake, na akamsikiliza bila kumkatiza.

"Mama Deo," alisema alipokwisha kusikia, "mimi kusema uongo sitasema. Umri huu nilionao naogopa. Lakini Jumatatu nina safari ya Inyonga, nitarudi jioni, na mtu asiyekuwepo haulizwi. Zaidi ya hapo usiniombe."

Pudensiana alitaka kupiga magoti. Mzee akamzuia kwa mkono, akatazama kando, maana naye alikuwa na aibu. Halafu akamuuliza swali ambalo Pudensiana alikuwa analikimbia tangu asubuhi. Huyo afisa anakuja kuona injini ya dizeli. Injini watamwonyesha ipi?

Pudensiana alisema itasemwa iko kwa fundi. Mzee Mikidadi akatikisa kichwa, akainuka kumuuzia mtu bawaba.

*

Deo alishuka treni Jumamosi, amekonda, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi juzi yake. Alimkumbatia mama yake pale stesheni mbele za watu hadi mama akaona haya. Njia nzima alikuwa anaongea. Mota ya namna gani, itatoka kwa muuzaji yupi, baada ya mwaka wataongeza mashine ya kuchambua mchele kwa daraja, baada ya miwili wataweka nembo yao kwenye vifuko vya kilo tano. Katarina atalipwa mshahara, alisema, mshahara wa kweli, siyo zile za kupewa hela ya mafuta ya kupaka. Katarina alikuwa amebeba begi la kaka yake. Alisema asante kaka, akalihamisha begi bega la pili.

Deo alitaka aende Kasokola palepale, hata kabla ya kula. Mama alimwambia amechoka. Kesho yake akataka tena, na mama akamkumbusha kwamba Jumapili baba yake hakuwahi kufungua, ni siku ya Bwana. Deo akakubali, akatabasamu, akasema kweli, sheria ya mzee. Hakujua kwamba wakati wanasimama kwa ajili ya Injili mashine ilikuwa inakoboa tangu alfajiri, mikononi mwa kibarua wa Jumapili, kwa sababu Mzee Mikidadi hufunga Ijumaa.

Baada ya misa walikuja majirani. Pudensiana alikuwa amechinja jogoo wawili, akakopa sufuria kwa jumuiya, na wali ulitosha watu. Mama mmoja wa jumuiya alisimama akasema hii ndiyo faida ya kusomesha, tazameni mjane huyu, hakukubali kuyumba. Wakapiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa akaongeza kwamba elimu ni bahari, na wengine wakacheka kwa kuwa ndilo neno analosema kila mahali, hata msibani. Wote wale walijua mashine ni ya nani. Walikula, wakasifu, wakanyamaza, na kila mmoja alidhani kunyamaza kwake ni msaada.

Watu walipoanza kuaga, Deo alimwita mama yake chumbani. Akatoa kwenye begi kitabu chenye jalada gumu jeusi, maandishi ya dhahabu mgongoni. Lilikuwa lile andiko. Akamwonyesha ukurasa wa pili, akasema asome mwenyewe. Pudensiana hakuwa na miwani lakini herufi zilikuwa kubwa za kutosha. Iliandikwa: Kwa mama yangu Pudensiana, na kwa mashine iliyonisomesha.

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Alisema, "Deo, mwanangu, ile mashine," na Deo, macho yakimng'aa kama ya mtoto wa komunyo ya kwanza, akamwambia, "Najua, mama. Najua ilivyokutesa." Na mlangoni mtu akagonga kuuliza sufuria za jumuiya zirudi leo au kesho. Pudensiana akaenda kuzitoa sufuria.

*

Afisa alifika Jumatatu saa tatu, mtu wa makamo, mpole, jina lake Sylvanus. Mama alikuwa amepanga kumweleza Deo njiani wakiwa kwenye bodaboda, apate walau kujiandaa. Lakini afisa alikuja na gari hadi mlangoni kwao Nsemulwa, akamketisha Deo mbele, mama akawekwa nyuma na makabrasha, na njia yote hadi Kasokola walikuwa wanazungumza masoko. Katarina alikuwa ameshatangulia kufungua. Jana yake mama alimwomba aifunike mota kwa magunia matupu, naye akakataa. Mota ikifunikwa inaungua, alisema, na hiyo siyo yetu.

Kibandani walikuwepo wateja wachache wakisubiri zamu. Deo aliingia wa kwanza, akawasalimia kwa furaha, akageuka kumwonyesha afisa kona ya injini. Pale alipokuwa akipaota miaka mitatu palikuwa na sakafu mpya ya saruji, na juu yake mota ya bluu, safi, nyaya zimepanda ukutani hadi kwenye swichi kubwa. Afisa hakugundua kitu, aliomba mashine iwashwe. Deo akanyoosha mkono kutafuta mahali ilipokuwa hendeli ya kupigia injini, mkono ukabaki hewani. Katarina akapita mbele yake, akasukuma swichi. Mashine ikanguruma. Afisa akatazama, akafungua faili lake, akasoma, akatazama tena, akaonyesha kwa mkono kwamba izimwe.

"Bwana Deogratias, sisi umetuomba hela ya kununua mota."

"Ndiyo."

"Na hii ni nini?"

Deo alimgeukia mama yake. Pudensiana hataisahau ile sura hadi anazikwa. Kijana hakuwa anauliza nani amenidanganya. Alikuwa anamsihi tu ampe jibu, jibu lolote, alitumie. Na yeye, mama aliyetunga majibu miaka miwili, siku ile hakuwa nalo hata moja.

Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia lake ndiye aliyejibu. Alikuwa na nia njema, wala tusimlaumu. Alimwambia afisa kwamba hiyo mota ni baraka, aliifunga Mzee Mikidadi mara tu alipoinunua mashine, na tangu hapo foleni hakuna, moshi hakuna, bei amepunguza. Zamani wakati wa dizeli unaweza kulala hapa, alisema.

"Alipoinunua," afisa akarudia taratibu.

Pudensiana aliegemeza ukutani ufagio aliouokota mlangoni kwa mazoea, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anataja bei ya nyanya. "Niliiuza mimi. Ndiyo ada ya mwaka wa pili na wa tatu. Mtoto hakujua, baba. Amejua sasa hivi pamoja na wewe."

Wateja walianza kuangalia miguu yao. Afisa Sylvanus hakuwa mtu mbaya, na ubaya wake ungesaidia, maana ungewapa mtu wa kumkasirikia. Alikaa kwenye benchi, akavua miwani, akamuuliza Katarina mashine inakula umeme kiasi gani kwa wiki. Katarina akamjibu bila kufikiri. Magunia? Akamjibu. Mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa? Akamjibu. Afisa alikuwa anafuata kwa kalamu kwenye ukurasa wa arobaini na moja wa andiko la Deo, na alipofika chini akacheka kidogo, kicheko cha huzuni. Alisema hesabu za kijana zilikuwa sahihi. Aliyoyatabiri kwenye karatasi ndiyo haya yanayotokea hapa, amekosea kwa elfu chache tu. Angekuwa mwalimu wake angempa alama zote. Tatizo ni kwamba mwenzake ameshafanya.

"Wewe dada umesoma chuo gani?" alimuuliza Katarina.

"Sijasoma."

"Cheti chochote?"

"Cha kidato cha nne."

Afisa akafunga faili. Fomu, alieleza, inataka mtu mmoja mwenye cheti na mashine, na yeye hapa anaona cheti kwa mmoja, ujuzi kwa mwingine, mashine kwa wa tatu. Akasema itabidi aandike kwamba maelezo ya mwombaji hayakuwa ya kweli. Pudensiana akaanza kusema tena kwamba uongo ni wake, yeye ndiye aandikwe, na Deo akamshika mkono.

"Andika kwamba nilikosea mimi," Deo alimwambia afisa. "Niliandika kitu bila kuja kukiangalia."

Afisa aliwapa mkono wote, hata yule mzee wa juu ya gunia. Gari lake lilipoondoka, Katarina aliwasha mashine, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri mchele wao.

*

Walirudi Nsemulwa kwa miguu, mama na mwana, na ni mbali. Pudensiana alitembea nyuma. Alitaka atukanwe. Alitaka Deo amgeukie amwambie maneno mazito ambayo angeweza kuyalilia, lakini Deo alikuwa anampisha tu kwenye madimbwi na kumwambia angalia hapo mama pana utelezi. Karibu na nyumbani ndipo aliposimama.

"Ungeniambia ningerudi," alisema.

"Ndiyo maana sikukwambia."

Deo akaitikia kwa kichwa. Shati lake lilikuwa limejaa vumbi la pumba mabegani, akawa anajipangusa, anajipangusa, na halitoki.

Jioni Katarina alirudi, akaoga, akakaa na kaka yake uani kuchambua maharage. Pudensiana alikuwa jikoni, ukuta wa tofali moja, na kila kitu kinasikika. Kisha akamsikia binti yake akiuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli. Alisema kaka, nina swali la chuo. Mtu akiwa na mashine yake, halafu ana mtoto anataka kumsomesha biashara na hela hana, huko chuoni wanasema afanyeje?

Maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Wanasema asiiuze," Deo alisema. "Kinachokulisha hakiuzwi kwa ajili ya kitu ambacho hujui kitakulisha lini. Ataikodisha, ataiwekea dhamana, ataingia ubia na mwenye hela. Kuuza ni mwisho kabisa."

"Mlifundishwa lini?"

"Mwaka wa kwanza. Wiki ya tatu."

Katarina akahesabu. Ada ya mwaka wa kwanza ilitoka kwa baba, alisema. Mashine ilikuwa bado ipo.

"Ilikuwa bado ipo," Deo akasema.

Jikoni, Pudensiana alikuwa ameshika mwiko. Kwa hiyo jibu lilikuwepo. Lilikaa Dodoma, kichwani mwa mwanawe, limelipiwa kabisa, mwaka mzima kabla ya yeye kwenda kwa Mzee Mikidadi. Angepiga simu moja tu ya ukweli angeambiwa ubia, na Mzee Mikidadi yule, kwa jinsi alivyo, angekubali. Nusu ya mota ile ya bluu ingekuwa yao. Alilia kwa kujizuia, khanga mdomoni. Na ugali ukaungua, wakaula hivyohivyo.

*

Deo aliandika barua za kazi kwa wiki tatu. Benki moja ikamwambia watampigia. Wiki ya nne alimfuata Mzee Mikidadi dukani, akamsalimia shikamoo, akamwomba kazi yoyote pale mashineni. Mzee aliona haya kuliko yeye. Alisema ofisi sina, mwanangu, kazi iliyopo ni ya magunia, na unalipwa kwa gunia. Deo akasema inafaa.

Kwa hiyo sasa wako watatu kwa Telesphor. Katarina kwenye swichi, mama kwenye ufagio, na Deogratias, shahada ya biashara, mlangoni akipokea magunia na kuyapandisha. Watu wanampenda. Wanamwita Msomi. Msomi, nishushie na hilo la nyuma. Msomi, taratibu, mgongo haununuliwi. Wakati mwingine mteja akimsimulia shida ya genge lake, Deo huweka gunia chini na kumweleza namna ya kupanga bei na kutenga akiba, na anaeleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, mpaka mtu anaondoka mambo yamemwelea. Hakuna anayemlipa kwa hilo, na wala haombi.

Siku moja mwezi wa tisa alikuja mama mmoja anaitwa Rozalia, mkulima wa Mpimbwe, ameleta mpunga wake hadi mjini kwa sababu ya bei. Alimjua Pudensiana kwa kusikia tu, kwamba ni mjane aliyesomesha. Wakati gunia lake la mwisho linakobolewa alimvuta kando mlangoni, akamweleza shida yake. Binti yake wa pili amechaguliwa chuo, na amechagua biashara. Mtoto ana akili, sasa hivi tu anauza dagaa na faida inaonekana. Mume anakataa. Wana jozi moja ya ng'ombe wa kulimia na plau, na mnunuzi ameshapatikana.

"Wewe njia hiyo umeipita, dada," Rozalia alisema. "Hebu niambie kweli. Kusomea biashara kuna faida?"

Katarina alikuwa amezima mashine kusafisha chujio, na kibanda kilikuwa kimya kabisa. Deo alikuwa katikati ya mlango na gunia la kilo mia mgongoni, na badala ya kupita akasimama. Hakugeuka. Alisimama palepale ameinama, jasho linamtiririka kwenye shingo, akisubiri kusikia mama yake atasema nini.

Pudensiana alimtazama yule mama wa Mpimbwe, mikono yake, viatu vyake vya plastiki. Alijua la kumwambia. Alilijua neno kwa neno: asiuze, akodishe hao ng'ombe, atafute mwenye hela waingie ubia, amwite binti amweleze kila kitu. Lilikuwa limemgharimu kila alichokuwa nacho. Kisha akamtazama mwanawe chini ya gunia.

"Kuna faida," alisema. Akapandisha sauti, ili isikike hadi mlangoni. "Kuna faida kubwa sana. Mimi sijutii hata siku moja."

Deo akalisawazisha gunia, akaingia nalo ndani. Rozalia akashukuru kwa mikono miwili, akasema basi amepata nguvu, akapakia mchele wake kwenye bajaji. Ng'ombe wale waliuzwa Ijumaa hiyohiyo.